Siku Nilipomupakata Mukwe Wangu Akiwa Maiti

Leo niacheni niseme mwenyewe, juu nimechoka kusikia habari yangu kwenye midomo ya wengine, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, huyu anasema nilikimbia mpaka muto, yule anasema niliruka ukuta (ukuta gani? mimi na mwili huu?), na iko mama moja pale sokoni, simutaji jina, anasema nilikuwa uchi. Sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa kaptula ya mupira ya bwana yangu. Haya, aibu ya kwanza nimekwisha kuitoa, mukae vizuri sasa.

Mimi njo Mama Sifa, nakaa hapa Kindu kwenye kambi ya reli, na bwana yangu zamani alikuwa muntu wa treni, siku hizi ni muntu wa kiti, anakaa barazani na anasema maneno matano kwa siku, manne kati ya hayo ni "chakula iko tayari ama?" Sifa ni binti yetu wa kwanza. Mutoto muzuri, ana heshima, anajua kazi, lakini wachumba wawili walikwisha kumukimbia, na niseme ukweli mbele ya Mungu, wote wawili walikimbia kwa sababu ya mudomo wangu. Wa kwanza, mama yake alikuja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikaonja, nikamwambia haina mafuta. Wa pili, nilimuuliza baba yake kama ile kofia aliiazima. Basi wa tatu alipotokea, fundi wa pikipiki anaitwa Amisi, muntu wa Kibombo, bwana yangu alitumia maneno yake yote ya siku ile kwangu mimi peke yangu: "Mama Sifa, huyu ukimuharibu, utaolewa wewe."

Nikaapa. Nikafunga mudomo. Na bukwe, ile heshima ya wakwe, nikaishika kama inavyotakiwa, maana kwetu mama mukwe na mukwe wake hawaonani uso kwa uso, hawakai mukeka moja, hawapeani mukono, na kugusana, wee, hilo hata kulisema ni zambi. Amisi akija kwetu, anasimama mulangoni na kukohoa mara tatu, khe, khe, khe, polepole, kwa adabu, na mimi nasikia, natokea nyuma kwa jikoni, nasalimia kupitia ukuta. Miezi minane hivyo. Uso wake sikuujua kabisa. Nilijua visigino vyake na kikohozi chake, basi, na kikohozi kile nilikipenda, nilisema huyu ni kijana aliyelelewa.

Sasa Jumamosi moja ndiyo ilipangwa wazazi wake waje na mahari. Shangazi yake Mwajuma na baba yake mudogo Omari, wale njo waliomulea, watoke Kibombo na pikipiki, wafike kwetu saa nne, tule, tusemezane, Sifa atoke akubali, kwisha. Siku moja tu ilibaki. Mimi Ijumaa asubuhi nilikuwa nimefagia lupango, uwanja wote wa nyumba, mpaka kwa jirani, nimefua nguo zote za nyumbani, na zote maana yake zote, majipo yangu yote matatu, sketi zile za ndani, yako kwenye kamba yanakauka kwa ajili ya kesho (mushike hilo la majipo), kwa hiyo chini ya kitenge nikavaa kaptula ya bwana yangu, ile ya zamani ya timu ya reli, nyekundu, na namba tisa kwenye paja. Nikasema nani atakayeona?

Kilichoniua ni sufuria. Nilikuwa nimeazima sufuria kubwa kwa jirani wa nyumba ya mwisho, nikaona niirudishe kabla ya wageni, nikamwambia Sifa, "Angalia sombe, narudi sasa hivi." Sasa hivi! Kama ningesema "sasa hivi" nikakaa, leo ningekuwa mama mwenye heshima.

Kwenye lupango ya yule jirani wa mwisho walikuwa wanapiga filamu. Trezori, muntu muzima wa miaka thelathini anayevaa kofia kisogo mbele, alikuwa ametoka Kisangani na kamera na alikuwa anatengeneza filamu ya majambazi, lakini majambazi wa hapa hapa, wale watoto wa wakati wa vita waliokulia njaani pale gare, stesheni ya treni, wanaanza kwa kuiba sabuni wanamaliza kwa kuua watu. Wiki nzima nilikuwa nasikia kelele zao, "Moteur! Action!", na nilikuwa nasema kila mutu anisikie kwamba hiyo ni kazi ya wahuni (kumbe Sifa wangu njo maana alinyamaza kuhusu nani anacheza ndani, nitafika huko).

Nikaweka sufuria chini nikasimama kidogo pale kwenye ua. Kidogo tu. Mwanamuke anaweza kusimama kwenye ua. Nikaona wamemuweka kijana moja na viatu vyeupe vipya, eti ni mutoto wa vita. Damu ikanipanda.

"Trezori!" nikasema. "Wakati wa vita nani alikuwa na viatu vile?"

Akageuka. "Mama Sifa, tunafanya kazi."

"Fanyeni, lakini musidanganye watu. Tulikuwa tunavaa ndala za mupira wa gari. Na huyo mama pale anafua na sabuni ya unga, unga ilitoka wapi? Sisi tulikuwa tunatengeneza sabuni na majivu ya maganda ya ndizi na mawese, mikono inachubuka mpaka hapa!"

Basi Trezori akanitazama, akavua ile kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ingia." Tazama, mimi namugombeza, yeye ananiambia ingia. Kumbe alikuwa na taabu. Siku ile ilikuwa siku ya mambo makubwa, jambazi mukubwa anapigwa risasi, na mama yake anamupakata na kumulilia, na yule mama alikuwa achezwe na Mama Zaina. Mumujue Mama Zaina, ni rafiki yangu, lakini rafiki wa namna ile ya kusema "umenenepa, lakini inakupendeza." Sasa Mama Zaina ameamka na jino, shavu limevimba upande moja, na Trezori anasema mama wa wakati wa njaa na vita hawezi kuwa na shavu limejaa hivi, watu watafikiri anakula peke yake.

"Wewe unaweza kulia, mama?"

Mimi? Kulia? Jamani, kambi nzima inajua kwamba kwenye matanga yoyote wanangoja nifike njo kilio kianze. Na Mama Zaina alikuwa pale pale, anashika shavu lake, ananiangalia na jicho moja. Nikamwangalia. Nikasema, "Nilie mara moja tu, nina wageni kesho." Njo kosa hilo, rafiki zangu. Sio sufuria, ni kiburi.

Lakini haikuwa kiburi kitupu, na hili nalisema bila kucheka. Ninyi wa juzi hamujui. Wakati ule muji ulifungwa, treni imekufa, barabara ya Lubutu na ya Kibombo zote ziko na watu wa bunduki, chumvi inapimwa na kijiko cha chai. Watoto wanaume walikuwa wanalala kwenye mabehewa pale gare, wanaiba sabuni, wanaiba kinga, baiskeli za watu, kisha siku moja mutoto moja kati yao akaja na bunduki, na tangu siku ile hakuna aliyewaita watoto tena. Saidi, mudogo wangu wa tumbo moja, alikuwa kati yao, miaka kumi na tano. Aliniletea chumvi mara moja kwenye karatasi, sikumuuliza ameitoa wapi, nikaitia kwenye sombe tukala. Halafu akavuka muto na wenzake, hakurudi. Mwili hatukuuona. Na hata kulia hatukulia, maana wakati ule ukipiga yowe askari wanakuja kuuliza unamulilia nani na alikuwa upande gani, kwa hiyo mama yangu alitufunga kitambaa kwenye mudomo, tukakaa matanga kimya kimya. Basi ninapomusikia Trezori anasema "mama anamulilia mutoto wa gare," mutajua ni kitu gani kilinivuta muguu kuingia pale.

Maiti ilikuwa tayari, wameibeba sasa hivi kutoka ndani ya nyumba walikoipaka, ugomvi wangu na Trezori haikuusikia. Imelala kwenye mukeka, kifua wazi, imepakwa maji mekundu ya majani ya ngai-ngai na mawese uso muzima mpaka shingoni, nyekundu kweli kweli, na macho yamefungwa. Trezori alikuwa amemupigia kelele tangu asubuhi, "Maiti haifungui macho! Ukifungua macho tunaanza upya, na betri inakwisha!" Kwa hiyo yule kijana amekaza macho kabisa, na yeye alijua ni Mama Zaina anayekuja. Na mimi sikuuliza ni nani. Maiti ni maiti.

Nikaweka ile sufuria karibu yangu, nikakaa chini, nikanyoosha miguu, nikamuvuta kichwa nikakiweka hapa, kwenye mapaja. "Moteur!" Nikafunga macho. "Action!"

Nikamuona Saidi na karatasi yake ya chumvi. Na nikalia.

Sijui niwaambie namna gani. Ilitoka chini, kule ilikokaa miaka yote ile, nikapiga yowe moja ambalo hata kuku waliruka, "Yoo! Mudogo wangu! Saidi weee! Umeniacha na nani? Chumvi yako ningali nayo mudomoni!" nikamubusu kwenye paji la uso, nikamupiga kifuani, nikamutikisa, nikamuuliza kwa nini hakuniaga. Maneno ya Trezori kwenye karatasi yalikuwa "Mwanangu, mwanangu," basi, hayo yote mengine niliyatoa mwenyewe. Kitu kimoja kilinishangaza kidogo, maiti ilianza kutoka jasho. Jasho jingi. Na ilikuwa inatetemeka magoti. Nikasema loo, huyu kijana anajua kucheza, kumbe maskini alikuwa amekwisha kunitambua sauti, amelala kwenye mapaja ya mama mukwe wake, kifua wazi, na amekatazwa kufungua macho!

Sasa ninyi munajua kambi yetu. Yowe langu likisikika, hakuna anayeuliza. Wamama wakaanza kuja, wa kwanza aliacha chungu motoni, wa pili alikuwa na sabuni kwenye nywele, wanaingia wanajitupa chini, "Yoo! Mama Sifa amefiwa!", wanagaagaa kwenye vumbi, na Trezori anazunguka na kamera yake, anafurahi, anafikiri Mungu amemutumia wachezaji wa bure. Muzee wa msikiti akafika na kuuliza maiti itaoshewa wapi. Mutu akaleta viti vya plastiki. Wanakwaya wa parokia waliokuwa wanafanya mazoezi hapo karibu wakaingia na ngoma, wakashika wimbo wa matanga, sauti zote nne. Hapo hata mimi nilijua kwamba mambo yamepita kipimo, lakini ninyi, kilio kikishakukamata hakikuachi, na isitoshe kwaya ilikuwa inaimba vizuri.

Na njo wakati ule ule, kwenye barabara, ikasimama pikipiki kutoka Kibombo.

Walikuja siku moja mbele. Waliona mawingu, wakaogopa matope, wakasema tutangulie, tutalala kwa mutu. Shangazi Mwajuma alishuka na jogoo mweupe kwenye kwapa, baba mudogo Omari na mufuko wa muchele wa Kibombo kichwani, wakasikia matanga, na muntu mwenye adabu hapiti matanga. Shangazi akamuuliza mama moja, "Nani amekufa?"

"Kijana mwanaume," akaambiwa. "Walimupiga risasi."

Akasukuma watu, akafika mbele, akaangalia.

"Amisi!" Wee, mimi nilifikiri najua kulia. "Amisi wetu! Omari, njoo uone, wamemuua Amisi!" Akamutupa jogoo (akanipiga mabawa usoni), akanyoosha mikono juu, akazunguka mara mbili, akaanguka chali kwenye viti vya plastiki, vitatu vikavunjika.

Mimi nikakata kilio. Nikasema ndani ya moyo, Amisi gani? Kindu iko na Amisi wengi. Nikainama nikaangalia uso ule mwekundu uliokaza macho, na maji ya ngai-ngai yalikuwa yamemuingia mudomoni, alikuwa anayazuia, anayazuia, kisha yakamushinda. Na pale kwenye mapaja yangu, mbele ya watu wote, maiti ikakohoa.

Khe. Khe. Khe.

Kwa adabu.

Nywele zangu zilisimama zote. Kikohozi kile ningekitambua hata kaburini. "Mama," ikasema maiti, macho bado imefunga, "unisamehe, mama."

Nilifanya nini? Nilimutupa. Kichwa chake kilipiga ile sufuria ya kuazima, paa!, nikaruka juu nikaanza kukimbia, lakini kitenge changu kilikuwa chini yake, kimelaliwa, na kitenge kikasema mimi nabaki. Nikabaki na kaptula. Nyekundu. Namba tisa. Mbele ya shangazi wa mukwe, baba mudogo wa mukwe, muzee wa msikiti, kwaya ya parokia, na Mama Zaina, ambaye jino lilimupona pale pale kwa kucheka. Na nyuma yangu wale wamama wa matanga, wameona maiti inakaa na kushika kichwa, nao wakakimbia, wanapita njia moja na mimi, wengine wananipita, na Trezori anatufuata na kamera anapiga kelele, "Endeleeni! Endeleeni!"

Nikaingia jikoni kwangu, nikafunga mulango, nikaweka kinu nyuma ya mulango. Sombe ilikuwa imeungua.

Baada ya nusu saa nikasikia wamefika wote barazani, na baba mudogo Omari njo aliyesema, na alikuwa anasema polepole, sauti ya muntu anayefunga mizigo. "Baba Sifa, sisi tulikuja kwa heshima. Kwetu mama mukwe hamugusi mukwe hata na fimbo. Huyu amemupakata. Amemubusu hapa kwenye uso, watu wameona. Na nguo yake, nisamehe kusema, nguo yake iko wapi? Iko juu ya mutoto wetu! Bukwe gani hii? Sisi turudi Kibombo."

Bwana yangu alitaka kujibu, nikasikia anajaribu, lakini alikuwa anazuia kicheko, mabega yanagonga ukuta.

"Nilifikiri ni maiti!" nikapiga kelele kupitia tundu la mulango.

"Maiti ya nani?"

"Ya sinema!"

"Na unaipakata maiti bila kuuliza ni mutoto wa nani?"

Kisha nikasikia kitu kingine, nikasikia Sifa analia nyuma ya nyumba, peke yake, polepole, sio kilio cha kujionyesha. Alikuja kwenye dirisha la jikoni. "Mama," akasema, "nilijua anacheza ndani ya filamu. Niliogopa kukuambia, juu ya mudomo wako." Basi. Afadhali angenitukana. Watatu sasa, na huyu Sifa alimupenda, nilijua anamupenda, na mimi nilimuharibia kwa mudomo na kwa kaptula.

Nikatoa ile kaptula, nikavaa kitenge cha kuanikia unga kilichokuwa pale, nikafungua mulango, nikatoka kwa magoti. Kweli, kwa magoti, kutoka jikoni mpaka barazani, na magoti haya ni ya miaka hamsini. Amisi waliyemuficha nyuma ya pikipiki, amefungwa kitambaa kichwani, alipoona natoka akageuka kuangalia ukuta. Nikasema, "Kosa ni langu, sio la binti. Nitozeni mimi. Mbuzi nitatoa, kuku nitatoa. Musimuache mutoto wangu."

Omari akageuza uso upande mwingine. Shangazi Mwajuma alikuwa amekaa kwenye kiti, amefura, vumbi kichwani, na yeye njo alikuwa mukubwa wa safari, neno lake njo lilikuwa la mwisho. Akasema, "Mbuzi sio neno. Lakini mimi nimelia. Nimelia machozi ya kufiwa, mimi, kwa mutoto muzima. Machozi yale nani atayarudisha?"

Na pale pale nani akaingia? Trezori, na kamera yake mukononi, kofia kisogo mbele, hana habari kama watu wanavunja ndoa. "Shangazi," akasema, "naomba uone kitu."

Akamuonyesha kwenye kile kioo kidogo. Shangazi alikataa kwanza, akaangalia pembeni. Kisha akaangalia kidogo. Kisha akakivuta karibu. Nikaisikia sauti yake ndani ya kile kidude, "Amisi! Amisi wetu!" na viti vinavunjika.

"Rudisha," akasema.

Trezori akarudisha.

"Omari, njoo uone. Hapa. Angalia nilivyozunguka. Mara mbili!" Akaangalia tena. Akafuta vumbi kichwani. "Nimeanguka vizuri," akasema, sio kwetu, kwake mwenyewe. Halafu akaniangalia mimi pale chini kwenye magoti, na macho yake yalikuwa yamebadilika, ni yale macho ya muntu sokoni aliyeona kitambaa anachokitaka.

"Huyu mama mukwe, hawezi tena kumugusa mutoto wetu. Si kweli?"

"Kweli," sisi sote tukasema.

"Lakini filamu ni lazima mama amupakate mwanawe."

"Lazima," Trezori akasema.

"Mimi nilimulea. Mimi nilimuogesha. Mimi nikimupakata, hakuna ubaya."

Na rafiki zangu, niwaambie ukweli wa mwisho, ule unaonipa haya kushinda kaptula. Binti yangu analia nyuma ya nyumba, ndoa imeshikwa na uzi moja, na mimi pale kwa magoti, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni: lakini hiyo ni nafasi YANGU! Mudomo ulikwisha kufunguka. Nilikuwa karibu niseme kwamba mimi nililia vizuri kumushinda, kwamba yeye amevunja viti tu, hana maneno, muulizeni kwaya. Bwana yangu akaniangalia. Hakusema kitu (maneno yake ya siku ile yalikuwa yamekwisha, nafikiri). Nikalimeza lile neno. Lilipita kooni na mifupa yake yote.

"Shangazi," nikasema, "unalia kunishinda mbali."

Haya, njo namna Sifa alivyopata bwana. Mahari ilipokelewa kesho yake, mbuzi nilitoa, nikatoa na kitenge kipya maana kile cha kwanza hakuna aliyetaka hata kukigusa, na Shangazi Mwajuma, aliyekuja kwa siku mbili, alikaa kwangu wiki tatu nzima kwa ajili ya filamu, anaamka saa tatu, anakunywa mayai mabichi eti kwa ajili ya koo, na asubuhi anaonja sombe yangu na kusema haina mafuta. Mimi nasema, "Kweli, shangazi." Nauliza kama nimuongezee.

Filamu yenyewe waliionyesha kwenye sala, ule ukumbi wa parokia, kwenye shuka nyeupe, watu mpaka madirishani. Shangazi analia, watu wanalia, hata mimi kidogo. Na mimi niko ndani pia, musifikiri! Trezori hakutupa kitu. Pale muji unaposhambuliwa na watu wanakimbia mabomu, wa kwanza kabisa, anayekuja mbio mbele ya kamera na kaptula nyekundu, yule njo mimi. Watu walipiga miluzi. Muzee moja alisema, "Kweli wakati wa vita tulikimbia hivyo hivyo."

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Na pale wanapomupandisha bibi arusi kwenye pikipiki kumupeleka kwa bwana yake, munajua mama anatakiwa alie, na mimi sikuhitaji kulazimishwa, niliona begi la Sifa linafungwa na kamba, nikaona nyumba itakavyokuwa kimya, kilio kikanitoka, kile cha kweli, nikakaa chini kwenye vumbi na kitenge changu cha harusi. Na wale wamama wa kambi yetu, wale wale waliogaagaa bure siku ile, wakaniangalia, wakaangaliana, na wakaanza kupiga makofi. Makofi! Mama Zaina akasema kwa sauti, "Safari hii hatudanganyiki!" na watu wakacheka, na kadiri ninavyolia njo wanavyopiga makofi kwa nguvu, muntu moja hata akauliza kamera iko wapi.

Sifa alishuka kwenye pikipiki. Na nguo yote ile ya harusi akapiga magoti mbele yangu, akanishika uso, akaniangalia macho karibu karibu, kama muntu anayetafuta kijiti ndani ya jicho. Akawageukia. "Nyamazeni," akawaambia. "Hii ni ya kweli." Kisha akalia na yeye, na pikipiki ikangoja.

Kwa hiyo nimeapa. Kulia, nalia bado, sitaacha, kwenye matanga ninyi wenyewe munakuja kuniita. Lakini siku hizi nikifika, hata kabla ya kuvua ndala, naenda kwanza kwa maiti, nafunua shuka, naangalia uso vizuri, na nawauliza wenye nyumba huyu ni mutoto wa nani. Na chini ya kitenge navaa majipo mawili.